Geuza Mashine Uitazame Mgongo

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Rohero ya Pili, hapa Bujumbura, barua yako nimeisoma na nimekuelewa. Unatafsiri hati nyumbani, Kirundi kwenda Kifaransa na Kifaransa kwenda Kiswahili, na kutwa macho yanaruka kati ya madirisha mawili yaliyobanana kwenye skrini moja ya inchi 19. Duka moja la mjini limekuambia mashine yako ni kongwe, haiwezi kubeba skrini mbili, dawa yake ni kununua mpya. Umeshaanza kuipigia mahesabu zamu yako ya tontini, ule mchango wa kupokezana. Nakuomba hesabu hizo uzisimamishe kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu umenitajia na jina la mashine: Dell OptiPlex 7010, ile iliyotoka mwaka 2012, uliyoinunua okazioni. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na maofisi ya wakati huo yalikuwa yameshazoea skrini mbili mezani. Izime, igeuze, uitazame mgongo. Utaona tundu moja la buluu lenye vishimo 15, hilo ni VGA. Karibu yake utaona matundu mawili membamba ya pembe nne, kila moja kona yake moja imekatwa. Hayo ni DisplayPort. Jumla matundu matatu ya picha, na wewe unatumia moja. Watu wengi hapa mjini wana mashine za namna hii bila kujua walicho nacho, maana fundi aliyewafungia skrini ya kwanza alichomeka kwenye lile la buluu akaenda zake, na yale mengine yamebaki yakila vumbi.

Kwa hiyo huhitaji mashine mpya ili upate skrini ya pili. Unahitaji skrini, kebo inayofaa, na saa moja ya utulivu.

Ninyi wengine mnaosoma, mashine zenu huenda si kama ya huyu mdogo wetu, lakini kazi ya kwanza ni ile ile: tazama mgongo kabla ya kufungua pochi. HP EliteDesk 800 G1 nayo ina DisplayPort mbili na VGA moja. OptiPlex 990, ambayo ni ya mwaka 2011, ina DisplayPort moja na VGA moja, na inatosha kwa skrini mbili. Mashine za miaka ya karibuni mara nyingi zina HDMI pamoja na DisplayPort. Na kama nyuma kuna tundu moja tu, usikate tamaa, tutafika huko.

Skrini mbili kwenye kompyuta moja si anasa ya jana. Macintosh II ilikuwa ikifanya hivyo mwaka 1987, na upande wa Windows jambo hili liliingia ndani ya mfumo wenyewe na Windows 98. Ukiambiwa mashine ya mwaka 2012 haiwezi, uliza kwa upole: haiwezi kwa sababu gani? Asiyeweza kukuonyesha sababu kwa kidole, hapo mgongoni mwa mashine, hajakupa jibu.

Sasa tuyajue matundu yenyewe, kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa. VGA ni mzee wa wote, ilikuja na kompyuta za IBM za mwaka 1987. Inapeleka picha kwa njia ya analojia, ndiyo maana kebo ikiwa ndefu au mbovu herufi hufifia na kuwa na kivuli. Kwa skrini ndogo na kazi ya maandishi bado inafaa. DVI ndiyo ile pana nyeupe, utaikuta kwenye skrini nyingi za mtumba. HDMI unaijua kutoka kwenye televisheni, ilianza mwaka 2002. DisplayPort ilifuata mwaka 2006, na ndiyo tundu la maofisi. Ukiwa na uchaguzi, skrini unayoisoma zaidi iunganishe kwa DisplayPort, HDMI au DVI, VGA iachie ile ya pembeni.

Shida inaanza pale mashine ina DisplayPort na skrini uliyoipata ina HDMI. Hapo unahitaji adapta au kebo ya kugeuza, na hizi zina mwelekeo. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini ni rahisi, adapta ya kawaida inafanya kazi, hasa tundu la mashine likiwa na alama ya DP yenye vijumlisha viwili, DP++. Ukitaka kwenda kinyume, kompyuta ina HDMI na skrini inataka DisplayPort, kebo ile ile haitakusaidia hata ukiigeuza. Huko kunatakiwa kifaa chenye chipu ndani, na mara nyingi kinadai umeme wake wa USB. Vivyo hivyo kutoka HDMI kwenda VGA: kile kijiwaya kisicho na chipu, plastiki na shaba tu, hakitoi picha. Dukani usiseme tu "nipe kebo ya HDMI na DisplayPort". Sema inatoka wapi na inakwenda wapi: "Kompyuta DisplayPort, skrini HDMI." Muuzaji anayejua kazi yake atakupa sahihi, na asiyejua ataanza kuhangaika, nawe utajua uende duka la pili.

Kuna kitu kimoja nataka mkikatae kabisa, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ni kile kigawanyo cha HDMI, waya wenye mguu mmoja na mikono miwili. Watu wanakinunua wakidhani wamepata skrini mbili. Kinachofanya ni kurudia picha ile ile kwenye skrini zote mbili. Kwa kanisa au ukumbi wa mkutano, ambako watu wa nyuma wanataka kuona kinachoonwa na watu wa mbele, ni kifaa kizuri. Kwa wewe unayetaka hati ya Kifaransa kushoto na tafsiri yako kulia, hakikufai kitu. Kwa HDMI, kila skrini inayojitegemea inataka tundu lake kwenye kompyuta.

Nikirudi kwa mwenye tundu moja, au anayetaka skrini tatu. Ukiwa na kompyuta ya mezani una bahati ambayo mwenye laptopu hana: unaweza kufungua kasha ukaongeza kadi ya grafiki. Usikimbilie kadi kubwa za michezo zenye feni tatu. Kwa maandishi, majedwali na kurasa za intaneti, kadi ndogo kama NVIDIA Quadro P400 inatosha kabisa, ina matundu matatu ya DisplayPort madogo na inakula wati 30 tu, umeme inaupata kwenye nafasi yake ya PCIe bila waya wa ziada. Kabla ya kulipa, pima vitu viwili. Kwanza kasha: mashine nyembamba za ofisi zinataka kadi fupi, yenye bati fupi la kufungia, na kadi ndefu haitaingia hata ukiisukuma. Pili, angalia matundu ya kadi yenyewe, maana hayo madogo yanahitaji kebo au adapta yake, uinunue siku hiyo hiyo.

Na ukishaichomeka kadi, skrini zote zichomekwe kwenye kadi, si moja kwenye kadi na nyingine kwenye tundu la zamani. Mashine nyingi zikiona kadi mpya huyazima matundu ya ubao mama. Mtu anabaki na skrini nyeusi, anasema kadi mbovu, anairudisha dukani kwa ugomvi, kumbe kadi ni nzima. Baadhi ya mashine zina mpangilio ndani ya BIOS wa kuwasha zote mbili, lakini kama kadi ina matundu ya kutosha huna haja ya kuingia huko.

Kuhusu skrini tatu bila kadi: prosesa za Intel za kizazi cha 3, za mwaka 2012, zilianza kuruhusu tatu kwenye grafiki za ndani, ila zinadai mbili kati ya hizo ziwe kwenye DisplayPort halisi, si kupitia adapta rahisi ya HDMI. Kizazi cha 2 mwisho wake ni mbili. Mimi kwa kazi ya kutafsiri sikushauri ya tatu. Shingo itachoka kabla ya akili.

Skrini yenyewe, unaipataje? Katikati ya mji, kuanzia Barabara ya Prince Louis Rwagasore na mitaa inayoikata, utakuta mpya na zilizotumika. Ya mtumba si aibu, skrini ni kitu kinachodumu. Lakini ione ikiwaka, kwa kebo utakayotumia wewe. Weka kwenye flashi picha tano: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani na buluu. Muombe muuzaji azifungue skrini nzima. Kwenye nyeupe utaona madoa na umanjano wa taa iliyochoka, kwenye nyeusi utaona nukta zinazowaka zisizozimika na mwanga unaovuja pembeni. Skrini za zamani zenye taa za mrija hula umeme zaidi na huchelewa kung'aa, tafuta za LED. Pindua uangalie nyuma kama kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba, sentimita 10 kwa 10 au 7.5 kwa 7.5. Yakiwepo, siku yoyote utaweza kuifunga kwenye mkono wa chuma au ukutani.

Jitahidi ya pili ilingane na ya kwanza kwa kimo na ukubwa wa herufi. Siyo kwa urembo. Jicho linalohama kutoka herufi kubwa kwenda ndogo mara mia kwa siku linachoka, nawe utadhani umezeeka. Kuhusu wanaoniuliza kama televisheni ya sebuleni inaweza kuwa skrini ya pili: inaweza, kwa HDMI, lakini televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu, zimetawanyika kwenye kioo kikubwa, na herufi zinatoka nene na zenye ukungu. Kwa filamu sawa. Kwa mkataba wa kurasa 40, hapana.

Kuunganisha ni kazi fupi. Zima mashine na skrini zote, chomeka kebo, VGA na DVI zikaze kwa skrubu zake, kisha washa skrini kwanza, mashine baadaye. Windows ikishafunguka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Yatatokea machaguo manne. Ukiwa na Windows ya Kifaransa chagua Étendre, ukiwa na ya Kiingereza chagua Extend, hapo meza yako inapanuka badala ya kurudiwa. Kisha bofya kulia mahali patupu, ingia kwenye mipangilio ya onyesho. Utaona vibox viwili vyenye namba 1 na 2.

Hapa kaa kidogo, usipaharakie. Vile vibox ndivyo ramani ya meza yako, na kompyuta haijui skrini gani iko upande gani mpaka uiambie. Ukiona kipanya kinagonga ukuta upande wa kulia na kutokea upande usiotarajia, hakuna kilichoharibika, ramani imepinduka tu. Kamata kibox kwa kipanya ukivute kikae kama skrini zilivyo mezani, na juu zilingane. Chagua ipi iwe kuu, ndiyo itakayobeba menyu. Kila moja iachie ukubwa wa nukta ule ambao Windows inaandika kando yake kwamba unapendekezwa, maana huo ndio wa kioo chenyewe, mwingine wowote unatia ukungu. Kama herufi ni ndogo, ongeza asilimia ya ukubwa, usipunguze nukta.

Skrini ya pili isipoonekana, usimwite fundi mara moja. Bonyeza kitufe cha chanzo kwenye skrini yenyewe, huenda inasubiri picha kwenye VGA wakati wewe umechomeka HDMI, na hii ndiyo sababu ninayoikuta kuliko zote. Halafu badilishana kebo, ujue kama ugonjwa unahama na kebo au unabaki na skrini. Bado? Fungua orodha ya vifaa vya Windows, tazama mstari wa kadi ya picha. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, au jina lake la Kifaransa, maana yake dereva la grafiki halijawekwa. Hili hutokea sana kwa mashine zilizofutwa na kupigwa Windows upya kabla ya kuuzwa. Bila dereva hilo mashine inaendesha skrini moja tu, na ndipo maneno ya "haiwezi" yanapozaliwa. Pakua dereva kutoka tovuti ya Dell, HP au Intel kwa namba ya mashine yako, anzisha upya, na ya pili itajitokeza.

Jifunze vitufe viwili tu kwa kuanzia. Windows na mshale wa kushoto au kulia, dirisha linakaa nusu ya skrini. Ukiongeza Shift hapo kati, dirisha linarukia skrini ya pili. Kibodi ya AZERTY au QWERTY, ni sawasawa.

Najua duka linaweza kurudi na hoja nyingine, na hii ina ukweli ndani yake, kwa hiyo sitaki uikute bila kujiandaa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Mashine ya mwaka 2012 haimo. Hilo ni suala la usalama wa hati za wateja wako na unapaswa kulifikiria, lakini si suala la skrini. Njia moja ni kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na inapanga skrini mbili bila taabu, na programu ya watafsiri ya OmegaT, nayo ya bure, inafanya kazi humo. Njia nyingine ni kubadilisha mashine siku mkono utakapokaa vizuri. Kwa vyovyote vile, skrini utakayonunua leo itahamia kwenye mashine ijayo. Ndiyo sababu ukiwa na pesa ya kitu kimoja, mimi naona skrini ndiyo itangulie.

Sasa umeme. Huku kwetu mtu akizungumza kompyuta asiseme umeme, hajasema kitu.

Habari njema ni kwamba skrini ya LED ya inchi 22 hula kati ya wati 20 na 30. Ukiiwasha saa 8, hiyo ni kama yuniti 0.2 kwenye kashpawa, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Haitakufilisi. Kinachoua vifaa ni kukatika na kurudi. Umeme wa Regideso ukikatika, zima soketi, na ukirudi usikimbilie kuwasha, subiri dakika chache utulie. Kisha, kabla ya kuota skrini nzuri zaidi, nunua UPS, ile onduleur yetu. Iliyoandikwa 650 VA haimaanishi wati 650, kwa kawaida ni chini ya 400. Mashine ya ofisi kwenye kazi ya maandishi, skrini mbili na kisanduku cha intaneti, kwa pamoja ni kama wati 130 hivi, kwa hiyo inabeba. Betri ikiwa nzima utapata dakika 10 hadi 15, za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Umeme ukikatika zima skrini ya pili papo hapo, utaongeza dakika. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS kamwe, inavuta umeme mwingi kwa mshindo mmoja. Na betri haina maisha marefu, joto la Bujumbura linaifupisha zaidi, basi mara moja moja ichomoe ukutani ujaribu kabla giza halijakujaribu wewe.

Nyumba nyingi za zamani za Rohero ni nzuri, zina baraza na miti, lakini soketi zake si zote zina ethi, yaani waya unaoshuka ardhini. Ukigusa kasha la chuma ukahisi umeme unakutambaa kidoleni, ethi haipo au haishiki. Usichomeke wala kuchomoa kebo za skrini vifaa vikiwa vinawaka katika hali hiyo, unaweza kuunguza tundu. Mwite fundi umeme. Ni gharama, lakini ni ya kukulinda wewe na watoto, si kompyuta peke yake.

Vifaa vilivyopitia Dubai, Nairobi au Dar es Salaam huja na plagi ya miguu mitatu bapa. Usilundike adapta juu ya adapta kwenye ralonji mpaka plastiki inapata moto. Upande wa waya unaoingia kwenye kompyuta na kwenye skrini nyingi ni wa aina moja dunia nzima, basi nunua waya mwingine wenye plagi yetu ya duara, yenye tundu la ethi, ubadilishe moja kwa moja. Na mwenye ndugu Marekani anayemtumia mashine ya zamani, asome hapa mara mbili: nyuma, karibu na mahali pa kuchomekea umeme, kunaweza kuwa na swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115, umeme wetu utaiunguza siku hiyo hiyo.

Mezani, skrini unayoitazama zaidi iwe mbele ya pua yako, nyingine kando, imegeuzwa kidogo ikuelekee. Ukizitumia sawasawa, mpaka wa katikati ndio uwe mbele yako. Ukingo wa juu usizidi usawa wa macho, na umbali uwe kama urefu wa mkono. Huhitaji stendi ya kutoka nje. Seremala atakukatia ubao wenye miguu kwa vipimo vyako, na mafundi wa chuma wa Buyenzi wakionyeshwa yale matundu manne ya nyuma watakuchomelea mkono imara. Wapelekee vipimo vilivyoandikwa, si kwa mdomo.

Halafu kuna jua. Kwenu dirisha likitazama ziwani na milima ya Uvira, kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia limelala. Skrini ikiwa mbele ya dirisha hilo utakodoa macho, ikilielekea dirisha utajiona mwenyewe badala ya hati. Weka meza ubavuni mwa dirisha, mwanga uje kutoka upande. Na kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mti wa mwembe wa jirani unatosha.

Umeniuliza: "Dada, je, kweli kazi itaenda haraka?" Utasikia watu wakitaja utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah wa mwaka 2003 kwamba skrini nyingi huongeza kazi. Ni utafiti wa kweli, ila ulifadhiliwa na NEC-Mitsubishi waliouza skrini na ATI waliouza kadi za grafiki, kwa hiyo usiufanye msahafu. Pima kwa kazi yako. Anayeandika ripoti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kunakili popote, skrini moja inamtosha, pesa yake akae nayo. Lakini mtafsiri, ambaye kila sentensi anatoka kwenye hati anaingia kwenye tafsiri, anakwenda kwenye kamusi na kurudi, huyo anafaidika kuanzia saa ya kwanza. Wakala wa forodha vilevile, mwenye ankara ya mzigo upande mmoja na mfumo wa forodha wa Sydonia wa OBR upande wa pili, anayehamisha tarakimu moja moja: kuona vyote kwa pamoja kunampunguzia kukosea sifuri, na sifuri moja kwenye tamko la forodha ni kesi. Mhasibu, mhariri wa video, mchora ramani za nyumba, hao nao nawaweka humo. Kwako wewe kazi haitapungua. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiingereza kikafanywa lugha rasmi mwaka 2014, na karatasi zinazotaka kuvushwa kutoka lugha hadi lugha zimejaa mjini.

Jaribu hili: hati ya asili iwe kushoto, uigeuze skrini hiyo isimame wima kama inakubali, ukurasa mzima wa A4 uonekane bila kusogeza. Kwenye mipangilio ile ile ya onyesho chagua picha isimame. Tafsiri iwe kulia mbele yako, na kamusi nusu ya chini. WhatsApp isikae kwenye skrini yoyote kati ya hizo. Nakuomba sana kwa hili, kwa sababu skrini ya pili ikishageuka kibaraza cha maongezi, bora usingeinunua.

Na ile zamu ya tontini? Ikifika, toa kwanza ya UPS, kisha skrini moja ya LED ya inchi 22 iliyokaguliwa, kisha kebo ya DisplayPort inayolingana na tundu la skrini hiyo, na posho ya seremala. Skrini yako ya inchi 19 ibaki kwenye VGA pale pembeni. Kitakachobaki, na kitabaki, muonyeshe mama, ambaye barua yako inasema anaona unachezea pesa, umwambie ni cha kashpawa ya miezi ijayo.